Samaki Aliyefuta Macho Yake

Leo tuweke tarakilishi kando kidogo tuongee juu ya samaki. Msijali, tutarudi kwenye programu.

Huko Mexico kuna samaki mdogo aitwaye Astyanax mexicanus. Wale wa mitoni wana macho kama samaki wengine. Ndugu zao wanaoishi mapangoni, kwenye giza totoro, hawana macho wala rangi. Wengi tulifundishwa kwamba kiungo kisichotumika hupotea chenyewe. Kwangu mimi, maelezo hayo ni mepesi mno.

Kwanza, jicho lina gharama. Mwaka 2015 watafiti walipima wakakuta kwamba kwa samaki mchanga wa gramu 1, macho na sehemu ya ubongo inayohusika na kuona hula karibu asilimia 15 ya nishati anayotumia akiwa ametulia. Pangoni chakula ni haba. Jicho huko ni kama programu inayonyonya betri kimyakimya bila kukufanyia lolote. Aliyepunguza mzigo huo aliimudu njaa, akazaa.

Pili, jicho huanza kuundwa kabisa, kisha lenzi hufa na jicho hudidimia. Mwaka 2000, Yoshiyuki Yamamoto na William Jeffery walipandikiza lenzi ya samaki wa mtoni kwenye kiinitete cha samaki wa pangoni. Jicho likakua! Mwaka 2008 Richard Borowsky naye akazalisha samaki wa mapango tofauti pamoja, na baadhi ya watoto wao wakaona. Kumbe jeni zilizoharibika hazikuwa zilezile katika kila pango, kwa hiyo pengo la mzazi mmoja lilizibwa na mwenzake.

Na samaki huyu hakupoteza tu. Ana vionja ladha vingi zaidi, na ngozi inayohisi mitikisiko ya maji kuliko ya ndugu yake wa mtoni.

Sasa turudi kwetu. Sisi waandika programu hujivunia kuongeza. Kila toleo jipya ni zito kuliko la jana, na anayeumia ni mwenye simu ya bei nafuu: nafasi imejaa, bando limekwisha. Nasema kufuta ni kazi ya uhandisi, ipangiwe muda na kulipwa sawa na kuongeza. Samaki alihitaji maelfu ya miaka na vifo vingi. Sisi tuna nakala za matoleo yote ya nyuma. Tunaogopa nini?

Wewe waonaje?