Mama Ntilie Kalizidi Ghorofa

Kitambo sijaandika, testi zilinibana. Leo nina la moyoni.

Wiki iliyopita nilimaliza kuchora mtaa wa Kariakoo. Nimetumia rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya hadibodi, kama alivyofanya Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwaka 1968. Yeye anajulikana zaidi kwa wanyama. Mimi nimeweka Soko Kuu alilobuni Beda Amuli, lile lenye mapaa kama miavuli iliyopinduliwa na upepo, maghorofa yamebanana kama abiria wa daladala, na watu. Watu kibao! Mama ntilie mmoja nimemfanya mkubwa kuliko ghorofa la nyuma yake.

Rumeti wangu akaangua kicheko: "We shosti, huyo mama mbona kalizidi ghorofa? Vipimo hujui?"

Vipimo najua. Ila picha ya namna hii haipimwi kwa rula. Unakikuza kile ambacho jicho linakiona kwanza. Ukifika pale saa saba mchana na njaa yako, unaanza kuona ghorofa au sufuria la wali?

Hilo halikuniuma. Aliyeniumiza ni mteja. Picha aliipenda, akataja elfu themanini, halafu akasema, "Watoe hawa machinga, itakuwa safi." Jamani! Elfu themanini kwangu ni msosi wa wiki mbili na zaidi. Nililala nayo. Asubuhi nikamwambia hapana.

Maoni yangu ni haya: kurahisisha sio kudanganya. Sura zao sikuzimalizia, ni doa la kahawia tu juu ya shati la rangi. Madirisha sikuyahesabu. Huko ni kurahisisha. Kumtoa mtu ili mtaa upendeze, huo ni uongo. Oktoba 2021 machinga waliondolewa barabarani kwa amri, na kweli njia zilikuwa zimezibwa, hapo tunaweza kubishana hadi kesho. Lakini kwenye picha yangu wanamzibia nani?

Mnaochora, na nyie mnaopiga picha kwa simu, msisubiri watu wapite ndo mpate mtaa. Watu ndo mtaa wenyewe.

Picha ipo chumbani, bado inanuka rangi. Mwenye elfu themanini na asiyeogopa machinga, anajua pa kunipata. Ngoja niwahi foleni ya ugali!