Kipimo cha TB Kishuke Hadi Zahanati

Katriji ya GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu (TB), inaenea kiganjani. Ndani yake mna vyumba vidogo na vijia vyembamba. Makohozi yakishachanganywa na dawa yake na kutulia dakika 15, natia mililita 2 tu, nafunga kifuniko, naipachika kwenye mashine. Kazi iliyobaki inafanyika humo humo: vimelea vinapasuliwa, vinasaba vyake vinazidishwa mpaka vionekane. Ndani ya saa 2 najua kama mgonjwa ana kifua kikuu, na kama kimeshakuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Darubini niliyoanzia nayo kazi ya maabara haioni kitu mpaka vimelea vifike maelfu katika kila mililita, na kuhusu usugu haisemi lolote.

Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo hiki Desemba 2010. Hadi leo napokea vikopo vya makohozi vilivyoletwa kwa bodaboda kutoka zahanati za mbali, fomu imelowa maji ya barafu, namba ya simu ya mgonjwa haisomeki. Jibu linatoka siku hiyo hiyo, lakini mwenyewe yuko kijijini, hana nauli ya kulifuata. Anaendelea kukohoa katika chumba anacholala na wanawe. Hilo ndilo linaloniuma.

Januari 2025, ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipozuka Biharamulo, sampuli zilipimwa kwanza katika maabara inayohamishika ya Kabaile, huko huko Kagera, ndipo zikathibitishwa Dar es Salaam. Kama tuliweza kwa Marburg, TB inatushindaje?

Mashine tuliyoizoea, GeneXpert, inataka umeme usioyumba, chumba kisichozidi nyuzijoto 30, na uhakiki kila mwaka. Zahanati nyingi zenye paa la bati haziwezi kutimiza masharti hayo. Lakini zipo ndogo zinazotumia betri, kama Truenat ya kutoka Goa, India, ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuipendekeza mwaka 2020. Hizo ndizo za kupeleka vijijini.

Tusinunue mashine peke yake, hata hivyo. Nimeona mashine nzima imefunikwa kitambaa kwa kuwa katriji zimekwisha, na nyingine yenye moduli 4 inafanya kazi kwa 2, fundi anasubiriwa. Bei nayo inabana. Katriji ya TB ilishushwa hadi dola 9.98 mwaka 2012, ikaganda hapo mpaka Septemba 2023 ilipofika dola 7.97. Madaktari Wasio na Mipaka wanadai iwe dola 5, nami nawaunga mkono kwa moyo wote.

Waheshimiwa madiwani, bajeti ya afya ikifika mezani kwenu, msiipitishe mashine yoyote kabla hamjaonyeshwa fedha za katriji, za betri na za fundi wa kuihudumia.