Betri ya Moyo na Mtoto wa Ufipa



Ndugu wapendwa, wiki hii mzazi mmoja wa parokia yetu ametuuliza: je, ni halali kumwekea mtoto mashine ndani ya moyo, au huko ni kushindana na mapenzi ya Mungu? Amesikia kwamba siku hizi ipo hata betri ya moyo isiyo na waya. Tunamshukuru, maana swali hilo si lake peke yake.

Tuanze na jambo lenyewe. Moyo husukumwa na umeme mdogo unaoshuka kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Kwa watoto wachache njia hiyo imekatika. Wapo wanaozaliwa hivyo, yapata mmoja katika kila watoto 15,000 hadi 20,000. Na wapo wanaopatwa baada ya upasuaji wa kuziba tundu la moyo. Moyo hupiga polepole mno, mtoto huchoka upesi, na pengine huzimia ghafla.

Betri ya kawaida hufichwa chini ya ngozi, na waya zake hufika moyoni. Tabu ni kwamba mtoto hukua lakini waya hazikui; huvutika na hata kukatika. Betri isiyo na waya ni kama kidonge chenye urefu wa sentimita 2.6 hivi, kinachopitishwa katika mshipa wa paja hadi ndani ya moyo. Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2016, kwa watu wazima. Kwa watoto madaktari huitumia kwa tahadhari, kwa sababu mishipa yao ni myembamba, na betri ikiisha baada ya miaka kadhaa, kuitoa si kazi rahisi.

Je, ni halali? Papa Pio XII, akizungumza na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, alifundisha kwamba tunawajibika kutumia njia za kawaida za kuhifadhi uhai, bila kulazimishwa kubeba mzigo uliopita kiasi. Bwana wetu mwenyewe, alipomfufua binti Yairo, aliagiza apewe chakula: muujiza haukufuta matunzo. Nasi wa Ufipa tunao mfano wa karibu. Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga inalo jina la Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani, akasomea utabibu Malta, kisha akahudumu Karema kama katekista na tabibu hadi alipofariki mwaka 1956. Yeye hakuona ugomvi wowote kati ya katekisimu na dawa.

Lakini kwa maoni yetu, hapa kwetu swali la kidonge si la kwanza. Betri za kawaida huwekwa nchini mwetu, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Anayetuumiza ni mtoto asiyefika huko kwa sababu hakuna aliyehesabu mapigo yake. Akianguka, twasema ni kifafa, au amerogwa. Anazungushwa kwa waganga, miezi inapita, na siku moja tunaitwa kuzika.

Tufanye nini basi? Mtoto wa shule ya msingi akiwa ametulia, moyo wake hupiga kati ya mara 70 na 110 hivi kwa dakika. Ukishika kifundo cha mkono wake na kuhesabu dakika nzima ukapata chini ya 60, naye huzimia au huchoka kuliko wenzake, mpeleke hospitali upesi, ukaombe kipimo cha umeme wa moyo. Kipimo hicho hakiumi.

Baada ya hapo kuna safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na gharama zake. Hapo jumuiya ndogondogo zisijifiche. Tunajua kuchanga: kwa harusi tunachanga, na kwa jeneza hatukawii. Kwa nini nauli ya mtoto aliye hai ingoje? Na kila familia inayoweza iwakatie watoto bima ya afya wangali wazima.

Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu, na tutaendelea. Ila anayemwombea mtoto huku akimzuia kwa daktari, amejibu sala yake mwenyewe vibaya.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu