Bunduki ya leva ya kwanza: anza na ndogo, jamani

Najua nimekuwa kimya, mitihani ya kati ya muhula ilinibana kwelikweli, na juu yake kuna mazoezi ya kufundisha ambayo yananiamsha saa kumi na moja asubuhi. Lakini leo nina la moyoni.

Tangu msimu wa kulungu ukaribie hapa Ohio, kila nikienda kanisani vijana wetu wananiuliza swali lile lile: "Kaka, nataka ile bunduki ya leva, ya kwenye picha za makauboi. Nichukue kaliba gani?" Wananiuliza mimi kwa sababu nilisoma darasa la usalama wa uwindaji mapema kuliko wao, na kwa sababu mwalimu mtarajiwa hana budi kujua kila kitu, teh teh. Basi nimeona niandike mara moja, niache kurudia.

Kwanza kwa wale wasioijua. Leva ni ule mkono wa chuma unaozunguka kifyatulio. Ukiusukuma chini, ganda lililotumika linaruka nje. Ukiurudisha juu, risasi mpya inaingia na bunduki imekokiwa. Risasi zenyewe zinakaa kwenye bomba chini ya mtutu, zimepangana moja nyuma ya nyingine kama watoto mstarini asubuhi. Ni bunduki ya zamani lakini haijazeeka. Ile Winchester ya mwaka 1894, aliyoibuni John Browning, imetengenezwa zaidi ya milioni 7.

Sasa kaliba. Msimamo wangu ni huu, na najua wengine watanuna: bunduki ya leva ya kwanza iwe .22. Na kama mfuko unaruhusu moja tu, na ni lazima uende nayo kwa kulungu, basi iwe .357 Magnum. Hizo nyingine zisubiri.

Naanza na kosa ambalo nimeliona kwa macho yangu. Kijana mmoja wa kwetu alijibana miezi mingi, akaenda dukani akanunua .30-30. Muuzaji akamsifia kwamba hiyo ndiyo kaliba iliyoangusha kulungu wengi Marekani. Sifa hizo si za bure, ni risasi nzuri tangu mwaka 1895 ilipotoka. Ila hakuna aliyemwambia kwamba Ohio haikubali .30-30 kwa kulungu!

Sababu ni umbo la ganda. Ganda la .30-30 lina shingo: chini pana, juu limebanwa kama chupa. Ohio ilikuwa inaruhusu bunduki za marisau zenye risasi moja nzito, gobore na bastola. Mwaka 2014 ndipo ikaruhusu bunduki za mtutu mrefu, lakini zile tu ambazo ganda lake limenyooka bila shingo, kuanzia kaliba .357 hadi .50. Kwa hiyo .357 Magnum inaruhusiwa, .44 Magnum inaruhusiwa, .45-70 inaruhusiwa. .30-30 hapana. Ukivuka mpaka tu ukaingia Pennsylvania, .30-30 ni halali, na kule leva imependwa miaka mingi kwa sababu wanakataza bunduki zinazojipakia zenyewe kwa wanyama wakubwa. Mpaka mmoja, sheria mbili. Huyu ndugu yetu hela imeshatoka, na bunduki imekaa kabatini inamwangalia.

Kwa hiyo kabla hujapenda kaliba, fungua kitabu cha kanuni za jimbo lako cha mwaka huo. Usimuulize muuzaji kwanza. Muuzaji anataka kuuza, hilo si dhambi, lakini wewe ndiye utakayekutana na askari wa wanyamapori.

Haya, tuje kwa wapenda makubwa. .45-70 ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873. Hiyo 45 ni kaliba, na 70 ni uzito wa baruti nyeusi iliyokuwa inatiwa, kwa kipimo chao cha greni. Kichwa chake kinaweza kufika gramu 26. Cha .22 ni gramu 2 na nusu hivi. Linganisha mwenyewe bega lako litasema nini.

Mwaka jana kaka mmoja tunayeheshimiana sana aliinunua hiyo .45-70 ikiwa ndiyo bunduki ya kwanza maishani mwake. Alikuwa ameona video. Tukaenda naye uwanja wa shabaha, akapiga 5, akaiweka chini na kusema inatosha, imekaa sawa. Haikuwa imekaa sawa. Kila alipotaka kufyatua alikuwa anafumba macho na kuinua bega kabla ya mlio. Nilimwona, nikanyamaza kwa heshima. Hilo ni kosa langu na nalikiri hapa.

Msimuni akapata kulungu jike hatua kama 60. Akapiga. Kulungu akaanguka mbele, akasimama, akaenda. Tulifuata damu mpaka giza, tukarudi na tochi, na kesho yake asubuhi tena. Hatukumpata. Yule kaka hakusema neno njia nzima ya kurudi. Wadau, risasi nzito haikumsaidia mnyama yule chochote, ilimtesa tu. Mlengaji ambaye anaiogopa bunduki yake ni hatari kuliko kaliba ndogo.

Ndiyo maana nasema .22. Darasani tunafundishwa kwamba somo linatoka kwenye jepesi kwenda kwenye gumu, kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana. Huwezi kumpa mtoto wa darasa la kwanza insha ya kurasa tatu kisha ushangae amechukia kuandika. Bunduki ni vilevile. .22 ya leva ina mwendo ule ule wa mkono, ukokaji ule ule, ulengaji ule ule. Ila haikupigi bega, na risasi moja ni senti chache. Risasi moja ya .45-70 ni dola 2 na zaidi. Kwa pesa ya boksi moja la 20 za hiyo kubwa, mwenye .22 anapiga mamia. Sasa niambie nani atakuwa mlengaji mzuri mwezi wa kumi na moja ukifika?

Najua jibu lenu: "Lakini .22 haiui kulungu." Kweli, na sheria hairuhusu, wala usijaribu. Ni ya shabaha, sungura na kindi. Hapo ndipo .357 inapoingia kwa asiyeweza kununua mbili.

Uzuri wa .357 Magnum ni kwamba bunduki yake inakubali pia .38 Special, ambayo ni tulivu zaidi. Unajifunza na .38, bega linazoea, kisha siku ya siku unatia .357. Halafu mtutu mrefu unaisaidia sana. Risasi hii ilizaliwa mwaka 1935 kwa ajili ya bastola. Kichwa chake cha gramu 10 kinatoka kwenye bastola kwa kasi ya mita 380 hivi kwa sekunde, lakini kwenye bunduki ya leva kinaweza kufika 550. Baruti inapata muda wa kukisukuma.

Lakini tusidanganyane. .357 ni ya karibu, mita 100 ndio mwisho, na kwa mwanafunzi naona bora 70. Misitu ya huku ni minene, mara nyingi humwoni kulungu kabla hajafika hapo. Ukishindwa kusubiri asogee, basi tatizo si kaliba. Na ile .38 ibaki ya mazoezi, usiende nayo kwa mnyama. Na kama wewe ni mtu wa mabavu na umeshazoea, .44 Magnum ina nguvu zaidi na bado ina mdogo wake, .44 Special. Sibishi. Ila hiyo ni ya pili, si ya kwanza.

Wengine wanasema leva inabeba risasi nyingi. Sawa, lakini kwa kulungu Ohio inaruhusu 3 tu, ukihesabu ya chemba na za kwenye bomba pamoja. Kwa hiyo hiyo si hoja.

Jambo moja la usalama ambalo duka halisemi sana. Kwa sababu risasi zimepangana kwenye bomba, ncha ya moja inagusa fataki ya iliyo mbele yake. Kwa kaliba kubwa usitie risasi zenye ncha kali ya chuma, mshtuko unaweza kuilipua iliyo mbele. Tumia zenye kichwa bapa, au zile zenye ncha laini ya mpira zilizotoka katikati ya miaka ya 2000 kwa ajili ya leva hasa. .22 haina tabu hiyo, fataki yake imo kwenye ukingo wa ganda, sio katikati. Sababu nyingine ya kuanza nayo!

Na nyie wenzangu mliokuja kwa viza ya masomo, sikilizeni vizuri. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kushika au kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mojawapo ikiwa leseni halali ya uwindaji. Usije ukaharibu shule yako kwa picha ya kutuma nyumbani. Bwenini ndio kabisa, usithubutu. Yangu iko nyumbani, kabati limefungwa, na risasi zina kufuli lake.

Sasa niseme na lile ambalo nilikuwa nalizunguka. Mzee wangu alikimbia Fizi mwaka 1996. Mimi nimezaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, bunduki nimezijua kwa hadithi zake tu. Yeye akisikia mlio anaweka chini alichoshika. Hata fataki za tarehe nne mwezi wa saba anakaa chumba cha ndani na redio juu. Nilipomwambia nataka kuwinda, alinitazama muda mrefu halafu akasema, "Mwanangu, tulivuka ziwa ili usishike kitu hicho." Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo, kwa kweli.

Tulikaa hivyo wiki kadhaa. Mama akaingilia kati, akasema basi aende akaone, kuona si kukubali. Siku ya kwanza tulikwenda na yule kaka wa .45-70. Mzee hakushuka kwenye gari. Alifunga vioo, na nilipogeuka nilimwona ameinama. Tukaondoka mapema.

Mara ya pili nilikwenda naye sisi wawili, na .22 peke yake. Nikapiga risasi kama 10 kwenye makopo. Mlio wake ni kama ubao unaovunjika, si ule anaoujua yeye. Nikasikia mlango wa gari. Akaja akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni. Akauliza, "Hiyo leva inafanyaje?" Nikamwonyesha ikiwa tupu. Hakuishika. Lakini alibaki pale mpaka nilipomaliza boksi, na kopo moja lilipobaki limesimama alisema, "Umelikosa mara tatu, baba."

Sisemi amekubali. Hajakubali. Ninachosema ni kwamba kuchagua kaliba sio tu kulungu na umbali. Unachagua pia mlio ambao watu wa nyumbani mwako wataishi nao. Vijana wengi wanaoniuliza wana wazee kama wangu, na hawajawauliza.

Basi kwa ufupi: soma kanuni, nunua .22, piga mpaka mkono ujue wenyewe, halafu ndio uanze kuota .357. Fulana ya rangi ya chungwa usisahau, na vizuia sauti vya masikio hata kwa .22.

Nakimbia, kesho saa mbili nina somo la sehemu na watoto wa darasa la nne na sijakata hata karatasi moja ya duara. Mniombee. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.