Sauna ya watu kumi Katumba? Jengeni ya wanne

Haya wadau, leo tuongelee joto. Si lile la Dar la bure, hili la kulipia.

Msicheke kwanza. Tangu mwaka 2020, Rais Magufuli alipohimiza watu kujifukiza wakati wa corona, mvuke haumshangazi mtu nchi hii. (Kwamba mvuke haukutibu corona, hilo ni jambo jingine, na ni kweli haukutibu.) Sasa kuna watu wanataka kutoka kwenye blanketi na sufuria ya mchaichai waingie kwenye chumba cha mbao chenye jiko la mawe. Sawa tu, ni raha baada ya siku nzima shambani. Ugomvi wangu ni kwenye ukubwa.

Tuchukulie familia nne pale Katumba, jirani kwa jirani, watu wazima kumi hivi, wanachangishana sauna moja. Kikao kikianza, mtu atauliza: tuko wangapi? Kumi. Basi tujenge ya watu kumi! Na hapo ndipo hela inapopotea. Swali la maana ni wangapi wataingia kwa wakati mmoja. Jamani, nani anakaa na baba mkwe wake benchi moja, wote wamefunga taulo? Wanaume watakuwa na zamu yao, wanawake yao. Kumi imeshakuwa tano. Mmoja kaenda Mpanda mjini, na huyo mwingine hapendi joto kabisa ila alichangia kwa aibu. Mmebaki wanne, pengine watatu.

Mkulima wa tumbaku ndiye wa kuulizwa hapa, kuliko fundi yeyote. Tumbaku ya Katavi ni ya mvuke. Inakaushwa ndani ya bani, moto unawashwa kwenye tanuru na joto linapita kwenye mabomba. Mwishoni, vikonyo vinapokaushwa, joto linafika nyuzi 70 hivi, yaani halijapishana sana na sauna, ambayo wengi huipasha hadi 80 au zaidi. Mkulima yule anajua kwamba bani likijaa nusu, kuni hazipungui kwa nusu. Lazima upashe hewa yote, kuta zote na paa. Sauna ni hivyo hivyo. Watu watatu ndani ya chumba cha kumi wanalipia hewa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu aliyekaa anahitaji sentimita 60 za benchi, kwa hiyo wanne ni mita 2.4. Weka kina cha mita 1.8 na kimo cha 2.1, unapata mita za ujazo 9. Kanuni ya mafundi ni kilowati moja kwa kila mita ya ujazo, basi jiko la umeme la kilowati 9. Likiwaka mfululizo saa mbili, uniti 18 za LUKU zimeondoka. Sasa chumba cha mita 4 kwa 3, kimo 2.4: karibu mita za ujazo 29. Uniti 58! Na umeme wa nyumba ya kawaida hauwezi kubeba jiko hilo. Kuta za tofali zisizofunikwa mbao, na dirisha la kioo, vinakula zaidi: kila mita moja ya mraba ihesabu kama mita ya ujazo na ushee. Kwa kuni ni hivyo hivyo, ila deni linalipwa na miti, na tumbaku inaihitaji hiyo hiyo.

Wafini wako kama milioni 5.5 na wana sauna zaidi ya milioni 3. Hao wamezaliwa humo, na nyingi ni vyumba vidogo vya nyumbani.

Sisemi mbanane kama daladala ya Mbagala. Ukishuka chini ya mita 2 za benchi, hakuna anayeweza kujinyoosha, na wazee wanapenda kulala. Ndiyo maana nang'ang'ania 2.4: wanakaa wanne, au analala mmoja. Weka na benchi la chini kwa asiyeweza joto la juu. Kimo msiongeze kwa sifa, joto lote litapanda darini na ninyi miguu baridi.

Kitu kimoja sina mzaha nacho. Asije mtu na wazo la kuingiza jiko la mkaa humo ndani eti kubana matumizi. Chumba kidogo kilichofungwa na mkaa unaowaka ni kifo, hewa ile haina hata harufu. Kama ni kuni, moto ukae nje na moshi utoke kwa bomba, kama bani. Tundu la hewa chini, jingine juu. Mlango ufunguke kwa nje, bila komeo.

Hela itakayobaki baada ya kuacha ile ya watu kumi, jengeni kibaraza cha nje chenye kivuli na pipa la maji ya baridi. Hapo ndipo watakapokaa wote kumi, wakisubiri zamu.