Umeme wa boti: Mvuvi anunue zinki kwanza

MVUVI anayerambaza, yaani anayekokota mshipi nyuma ya boti inayotembea, akifika Kariakoo au mitaa ya Mnazi Mmoja kununua zana, hufikiria ndoano, chambo na mafuta. Umeme wa boti yake si jambo linalomjia haraka kichwani. Lakini umeme huo upo, na unaweza kumtia hasara.

Huko Marekani na Canada, wavuvi wa samoni hutumia winchi inayoshusha waya wa chuma wenye chubwi zito ili chambo kifike kina kirefu. Waya huo ukizama hupata volti kidogo. Wapo wanaoamini kuwa ikifika takriban nusu volti samaki huvutwa, na ikizidi hukimbia. Vifaa vya kuirekebisha vinauzwa.

Umeme huo unatoka wapi? Maji ya chumvi hupitisha umeme. Metali mbili tofauti, mfano aluminiamu ya injini na chuma kisichoshika kutu cha shafti ya propela, zikigusana ndani ya maji hayo huwa kama betri, na ile iliyo dhaifu huliwa. Boti yenye betri na nyaya zilizochubuka huongeza tatizo.

Kwa upande wa samaki, tusidanganyane. Papa na taa wana vitundu kichwani vinavyohisi umeme mdogo mno. Jodari na nguru, ambao ndio hasa hutafutwa na wanaorambaza, hawajulikani kuwa na kiungo hicho. Huwinda zaidi kwa macho. Hivyo si busara kwa mvuvi mdogo kukimbilia kununua kifaa cha volti. Kinacholiwa kwa hakika ni injini yake.

Kupima ni rahisi. Fundi aweke mita kwenye volti ndogo, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye waya wa winchi au kipande cha chuma kilichozamishwa baharini. Kila kitu kizimwe, kisha taa, pampu na redio viwashwe kimoja kimoja. Namba ikiruka, hapo ndipo umeme unapovuja.

Kinga ni kipande cha zinki kinachofungwa kwenye injini ili kiliwe badala yake. Kisipakwe rangi, maana kikipakwa hakifanyi kazi. Kikiliwa nusu, kibadilishwe. Hata injini isiyo na betri inakihitaji. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya injini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wafanyabiashara wa vipuri nao wana wajibu. Zinki hufaa bahari. Katika maji baridi, kama ya Ziwa Victoria, hujifunika utando na kuacha kufanya kazi, na kinachofaa huko ni magnesiamu. Kabla ya kupokea fedha, muuzaji amuulize mteja anavua wapi. Swali hilo moja linaweza kuokoa mtaji wa mvuvi, na mvuvi mwenye mtaji ndiye atakayerudi dukani.