Nauli na Godoro Havitoshi



Mwaka 1959 marehemu Tom Mboya, akiwa katibu mkuu wa Kenya Federation of Labour, alipeleka vijana 81 kusoma Marekani kwa ndege moja. Watu husifu ndege. Mimi nasifu waliowapokea New York kabla hawajatawanyika vyuoni.

Leo mtoto wa mfanyi kazi wa reli akiitwa chuo kikuu twachanga nauli na godoro, basi. Fomu za mkopo wa HELB nani atamweleza? Baba hajui, mama hajui. Mtoto wa daktari huuliza mezani kwao. Wetu huona haya, hukosa karo, hurudi, nasi twamwita mvivu!

Chama kidai kila chuo kiweke mtu wa kuwapokea hawa. Tena watoto wetu waliokwisha hitimu waandikishe majina kwa katibu wa tawi, wawashike mkono wadogo zao.